Nukuu ya Mshonaji wa Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Mhadhiri wetu wa uhusiano wa umma anataka kila mmoja aandike shajara ya muhula mzima wa mafunzo kwa vitendo: kazi gani inakuvutia, sekta inaelekea wapi, umegundua nini kukuhusu wewe mwenyewe. Nimenunua madaftari mawili. La kwanza ni lake, nitaliandika kistaarabu. Hili ni langu na humu sina haja ya kumfurahisha mtu.

Basi ukweli ni huu. Mwaka wa tatu huu nasomea namna ya kuwafanya watu wazipende kampuni, na bado sijui nataka nini. Jumatatu nataka kusimamia sifa za mabenki, Jumatano nataka kuandaa hafla, Ijumaa nataka kuacha yote nikauze viatu. Mama Mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea tangu darasa la kwanza. Yeye anasema nakaa kitini kama mtu aliyewekewa pini.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Wa mafunzo tuko wawili, mimi na kijana wa chuo kingine ambaye kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshatutajia asilimia sita tofauti. Nimembatiza Takwimu. Mkurugenzi ni mama mmoja mrefu, mkavu, husoma karatasi huku anatembea na hagongi kitu. Alitutazama mara moja akasema mwisho wa muhula mmoja wetu atabaki na kuajiriwa. Kisha akaenda zake.

Nafasi hiyo naitaka. Ni kitu cha kwanza nilichokijua kwa hakika mwaka huu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua zimeanza. Nimekusanya habari zote zinazowataja wateja wetu. Macho yanauma.

Jumanne, 11 Machi

Chuo kinatutaka tumhoji mtu mzoefu kuhusu mwelekeo wa sekta. Mkurugenzi alinipa dakika kumi, saa yake ameilaza mezani. Nikamuuliza kama kweli kompyuta zinazoandika zenyewe zitatumaliza. Akasema taarifa kwa vyombo vya habari siku hizi inaandikwa na mashine kabla chai haijapoa, na bado wateja wanamlipa yeye, kwa sababu mashine haijui mama wa kiwandani anaongeaje. Mwenye sikio la kusikia watu wanavyoongea hatakosa kazi, alisema.

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimevimba kichwa. Sikio ninalo. Nimelelewa na mwanamke anayeongea kuanzia anapoamka hadi anapolala.

Mama Mkubwa anakohoa kidogo tangu juzi. Anasema ni mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepewa mteja, kiwanda cha magodoro. Kuna maneno mitandaoni kwamba gundi mpya ya kuunganishia sponji inawakereketa wafanyakazi vifua, na kiwanda kinataka makala nzuri gazetini kabla maneno hayajakua. Mkurugenzi aliuliza kama kuna mwenye ndugu kwa mteja, maana mwenye ndugu huwekwa kando.

Mama Mkubwa anashona mikanda ya pembeni ya magodoro kiwandani humo kwa miaka ishirini na mmoja sasa.

Nilitazama kalamu yangu. Takwimu akasema hana. Mimi sikusema kitu, na kunyamaza kukahesabiwa kuwa jibu.

Kisha nikajifunza kitu ambacho hakuna mhadhiri aliyetufundisha. Nukuu huandikwa kwanza, msemaji hutafutwa baadaye. Ile mistari ya "nimefarijika sana" na "tunajivunia ushirikiano huu" inatungwa ofisini, anaachiwa mteja achague mtu anayefanana nayo, mtu anasaini, na tangu hapo maneno ni yake. Nilimuuliza Mkurugenzi kama huo si uongo. Hakukasirika. Akasema hata bwana harusi huandikiwa hotuba na kaka yake, na hakuna anayelalamika.

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumatatu, 17 Machi

Tulishindanishwa. Kila mmoja aandike nukuu ya mfanyakazi wa siku nyingi, jina litajazwa. Ya Takwimu ilikuwa na asilimia mbili ndani yake, Mkurugenzi akaiweka chini kama kitu kilichomwagikiwa na chai.

Mimi nilifumba macho nikamsikiliza Mama Mkubwa. Nikaandika: "Mashine yangu naijua kwa sauti. Ikiumwa najua kabla ya fundi." Hayo ni maneno yake kabisa, aliyasema jikoni siku moja akiosha vyombo. Nikaongeza: "Watu wa nje wanasema mengi. Mimi nimevuta hewa ya humu miaka ishirini na kifua changu ni kizima." Haya hajawahi kuyasema. Nilitia chumvi, lakini chumvi ilikaa vizuri, hujui pa kuichambua.

Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. Akasema, "Huyu ni mtu." Akairudia kusoma. Wala sidanganyi, nilifurahi kupita kiasi. Takwimu alinipongeza na nikamwona mnafiki.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kutwa. Nimeamua nataka kuwa mtaalamu wa kuokoa sifa zilizochafuka.

Alhamisi, 20 Machi

Nimebadili mawazo. Mawasiliano ya ndani ya kampuni. Au utafiti. Sijui. Kikohozi cha Mama Mkubwa kimehamia mchana na usiku.

Jumatatu, 31 Machi

Makala imetoka. Ukurasa wa saba, nusu ukurasa, na picha.

Picha ni ya Mama Mkubwa.

Nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi na gazeti mkononi, watu wanapiga makofi. Amevaa kitambaa chake cha bluu, kile cha kwenda kwa wageni, ameweka mkono juu ya mashine. Chini yake maneno yangu, na jina lake, na miaka imerekebishwa kuwa ishirini na mmoja. Mkurugenzi aliniambia kwa furaha kwamba meneja wa kiwanda hakuhangaika hata kidogo kutafuta msemaji. Aliposoma tu alisema huyu ninaye.

Nilienda chooni nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilisikia mvua, na mtu anacheka ukumbini. Nilijiambia si kitu, kikohozi ni cha msimu, gazeti la leo kesho linafungia vitu.

Nyumbani alikuwa amelikunja vizuri juu ya meza. Shikamoo yangu aliiitikia huku anatabasamu. Akanieleza yote bila kuulizwa. Msimamizi aliwaita wakati wa mapumziko, akampa karatasi, akamwambia asome asaini, mpiga picha anasubiri. Nikamuuliza alisaini vipi wakati hakuyasema. Akanishangaa.

"Juu ya karatasi niliona jina la ofisi yenu. Nikasema, kama limetoka kwa mwanangu, halina ubaya."

Kisha akakohoa, kikohozi kirefu, mkono umeshika ukingo wa meza.

Sikumwambia kwamba ni mimi. Nilichota maji nikampa.

Jumanne, 1 Aprili

Takwimu ameuliza kwa nini sionekani kufurahi. Nikamwambia ashike hesabu zake.

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari la mhadhiri nimelijaza kurasa nne kuhusu washawishi wa mitandaoni na namna ya kupima imani ya wateja. Limependeza mno. Hili la kwangu sikuligusa wiki nzima, naliogopa.

Mvua imeingia hadi ngazi ya pili. Mama Mkubwa anaenda kazini akiwa amefunga kifua kwa khanga mbili. Nilimwomba apumzike. Akasema akikosa siku tatu mashine yake atapewa mwingine ambaye haijui.

Jumatano, 16 Aprili

Amezidiwa akiwa kazini. Wenzake wawili walimleta kliniki wakanipigia simu. Nilikimbia kutoka ofisini bila kuaga.

Daktari ni kijana, mpole, alikuwa na haraka lakini hakuionyesha. Alimuuliza Mama Mkubwa anafanya kazi karibu na nini. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza, mimi niliyeandika kuhusu hewa ya mle ndani, kwamba mwaka jana walibomoa ukuta kati ya chumba cha kushonea na chumba cha gundi ili magodoro yapite kwa urahisi. Tangu hapo washonaji wanavuta gundi kutwa nzima. Wanafungua madirisha, lakini mvua ikinyesha madirisha hufungwa yasilowe magodoro. Kumbe ndiyo mvua aliyokuwa akiisema. Mimi nilidhani ni mafua.

Daktari akasema mapafu yamewashwa sana, hayajaharibika bado, lakini akirudi kwenye gundi hiyo yataharibika. Akaandika karatasi: ahamishwe sehemu, na kiwanda kigharamie matibabu.

Njiani kurudi nilitaka kumwambia. Tulisimama chini ya ubati wa duka mvua ipungue, na mdomo nilishaufungua. Nikamuuliza kama anasikia baridi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kazini nimeomba radhi kwa kuondoka. Nimesema mama mgonjwa. Mkurugenzi aliniletea chai mwenyewe, jambo ambalo Takwimu anasema hajawahi kuliona. Mimi chai ile ilinipita kama maji ya moto.

Ijumaa, 2 Mei

Barua ya kiwanda imefika. Nimeisoma nimesimama mlangoni, koti limelowa.

Wanasema kwa heshima kwamba hawahusiki na maradhi yake. Wanasema mwenyewe alitamka gazetini, akasaini, kwamba amevuta hewa ya kiwanda miaka ishirini na mmoja na kifua chake ni kizima. Kwa hiyo ugonjwa ameutoa nyumbani. Kuhamishwa sehemu hakuna, matibabu hakuna, na akitoa madai kinyume na maneno yake kiwanda kitatafakari kama bado ni mfanyakazi mwaminifu.

Sentensi yangu imenukuliwa yote, na vituo vyake. Hata mkato nilioubadilisha mara mbili umo.

Mama Mkubwa alikuwa kitandani, ameegemezwa mito mitatu. Aliniomba nimsomee. Nilisoma. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu kwamba ni kosa lake, nani alimtuma kusaini kitu asichokisema, uzee umeanza kumpumbaza.

Hapo nilishindwa. Nilikaa chini sakafuni nikamwambia. Nilimwambia kwamba karatasi ile haikutoka tu ofisini kwetu, ilitoka kwangu. Kwamba nilichukua maneno yake ya jikoni nikayachanganya na uongo wangu. Kwamba niliulizwa kama nina ndugu kiwandani nikanyamaza. Nililia vibaya, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitazama dirisha, mvua inapiga, akasema:

"Ndiyo maana nilipoisoma nilidhani nimesahau tu. Nilisema labda niliyasema."

Akageukia ukutani. Chakula nilichomwekea hakukigusa.

Jumamosi, 3 Mei

Haongei nami. Yeye. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatatu, 5 Mei

Ameongea. Ameniambia niondoe ndoo chini ya tundu la paa, imejaa. Nimeiondoa mbio mpaka nikamwagia miguu.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Mkurugenzi kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba chini ya meza huwa amevua viatu na vidole vyake vimevimba.

Aliuliza swali moja, kama aliyesaini alilazimishwa. Nikasema hapana. Akasema basi nukuu ni ya aliyesaini. Kazi yetu yote imejengwa juu ya hilo, alisema, siku tukianza kusema hapana, nukuu ni yetu, hakuna waziri wala meneja atakayetuamini na mdomo wake tena. Alisema anasikitika kuhusu mama yangu na nilimwona anasikitika kweli. Kisha akasema nafasi ya kazi alishaamua kunipa, kabla ya leo, na hana sababu ya kubadili kama mambo yatabaki humu ndani.

Nilifikiri nitamchukia. Nilichokiona ni mtu mwenye wateja wanne, na mmoja wao ni kiwanda cha magodoro.

Nimetoka nikazunguka mitaa saa nzima bila mwavuli. Kazi niliyoitaka imo mkononi, na mkono unaniunguza.

Alhamisi, 8 Mei

Mkaguzi wa kazi ataisikiliza kesi tarehe 22. Wenzake Mama Mkubwa ndio waliopeleka lalamiko kwa niaba yake, na wawili kati yao wanakohoa. Mama Mkubwa hataki kwenda. Anasema atasema nini mbele ya watu, gazeti lipo.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikitafuta kwenye kompyuta ya ofisi kile nilichokiandika mwanzo, chenye nafasi ya jina iliyo wazi. Kimefutwa. Kimebaki kilichosainiwa tu. Bila cha mwanzo, neno langu ni la mtoto anayemtetea mamaye, na nani ataliamini.

Jumatatu, 12 Mei

Takwimu alinikuta kwenye ngazi wakati wa chakula. Akanipa bahasha. Ndani ni barua pepe ya tarehe 17 Machi, ile tuliyotumiana sote siku ya kushindanishwa, nukuu yangu yote, na mahali pa jina pameandikwa "jina litajazwa". Mama Mkubwa alisaini tarehe 26. Siku tisa.

Huyu kijana huhifadhi kila kitu, mpaka mialiko ya keki. Nilimuuliza anajua hii inaweza kumfanya nini. Akasema ameshakadiria. Nikasubiri asilimia. Hakuitaja. Akasema mama yake naye hushona, ila yeye ni mapazia, akapanda ngazi.

Miezi miwili nimemdharau mtu yule.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia Mkurugenzi nitakwenda kwa mkaguzi. Aliitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kulisoma hilo usoni mwangu. Akasema leo basi ndiyo siku yangu ya mwisho. Hakuna ubaya, chuo kitahitaji barua ya kwamba nilimaliza mafunzo vizuri.

"Jiandikie wewe," akasema. "Andika unavyotaka. Nitasaini."

Alisema kwa wema. Hajui hata alichokisema, au anajua sana. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika "Mwanafunzi huyu ni" nikashindwa kuendelea. Nimeondoka bila barua. Chuo nitawaeleza, wakinirudisha muhula wanirudishe.

Jumatano, 21 Mei

Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimepiga pasi nguo moja mara tatu. Mama Mkubwa amesema atakwenda, ila hatasema neno. Mvua imesita tangu asubuhi, mawingu yapo tu yanaangalia.

Alhamisi, 22 Mei

Chumba ni kidogo, kina meza moja, mafaili yamepangwa mpaka dirishani. Mkaguzi ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Meneja wa kiwanda alikuja na wakili na gazeti. Aliliweka mezani ukurasa wa saba ukiwa juu.

Wakili alisoma ile sentensi. Niliisikia kwa sauti ya mwanaume mwingine, na bado ilikuwa nzuri. Akamuuliza Mama Mkubwa kama sahihi ni yake. Akasema ndiyo. Kama alishikwa mkono. Akasema hapana. Wakili akakaa.

Nikaomba kusema. Nilisema maneno hayo ni yangu, niliyaandika tarehe 17 Machi kwenye ofisi niliyokuwa nikifanyia mafunzo, sijawahi kukanyaga kiwandani, hewa ya mle siijui, na wakati huo hakuna aliyekuwa amemchagua mtu wa kuyasema. Nikatoa karatasi. Mkaguzi alisoma "jina litajazwa", akasoma tarehe, akaisogeza kwa wakili. Meneja akasema kila kampuni hufanya hivyo. Mkaguzi akamjibu kwamba ndicho anachokiandika.

Akaweka gazeti pembeni. Akasema sasa anataka maelezo ya mlalamikaji mwenyewe, kwa maandishi, na akasukuma karatasi tupu upande wetu.

Mikono ya Mama Mkubwa inatetemeka siku hizi kwa dawa. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu tarehe mbili.

"Andika," akaniambia.

Akasema kidogokidogo, akipumzika katikati. Kwamba ukuta ulibomolewa mwezi wa nane. Kwamba gundi mpya inanukia utamu, ikikuingia unahisi umemeza uzi. Kwamba mvua ikinyesha madirisha yanafungwa. Kwamba alianza kukohoa Machi na hakumwambia msimamizi kwa sababu aliogopa kupoteza mashine yake. Kwamba alisaini maneno asiyoyasema kwa sababu alimwamini aliyeyaandika. Hilo nalo niliandika, herufi kwa herufi. Kwamba anataka kutibiwa na anataka kurudi kushona, mahali penye ukuta.

Alipomaliza mkaguzi akaniambia nimsomee kabla hajasaini. Nikasoma. Nilipofika mwisho Mama Mkubwa aliunyooshea kidole mstari wa mwisho.

"Hapo umesoma nini?"

Nikarudia: anataka kutibiwa, na anaomba kwa unyenyekevu kurudi kushona.

"Hilo la unyenyekevu mimi sijalisema," akasema. "Wala sikuomba."

Naapa sikujua kama nimeliandika. Lilitoka lenyewe, mkono umezoea. Nililikata mstari mbele ya watu wote, nikaandika "anataka", nikamrudishia. Akaisoma mwenyewe safari hii, kuanzia neno la kwanza, kidole chini ya kila mstari, na sote tukamsubiri. Kisha akaomba kalamu.